Kuishika Shingo Hadi Mfupa Uunge

Mwaka 1891, katika mji wa bandari wa Galveston, jimbo la Texas, daktari mzaliwa wa Prussia aitwaye Berthold Hadra alifungua kisogo cha mtu aliyevunjika shingo. Eksirei hakuwa nayo. Wilhelm Röntgen aliigundua miaka minne baadaye. Kilichomwongoza ni vidole vyake. Alizifikia pingili ya sita na ya saba kwa nyuma, akachukua waya wa fedha, akauzungusha kwenye vishina vya mifupa vinavyochomoza nyuma ya shingo kwa umbo la namba 8, akaukaza, kisha akashona. Historia ya vyuma vya shingo inaanzia hapo.

Ujasiri wa Hadra unaonekana vizuri zaidi ukiutazama pamoja na yaliyomtangulia. Katika papirasi ya kitabibu ya Misri ambayo Edwin Smith aliinunua Luxor mwaka 1862, mna kisa cha mtu aliyeteguka pingili ya shingo. Hana habari na mikono yake wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Mwandishi anazitaja dalili zote kwa usahihi ambao daktari wa leo angeutia sahihi, halafu anatoa uamuzi: ugonjwa huu hautibiwi. Nakala hiyo ina umri wa takriban miaka 3,600, na kwa muda wote huo uamuzi haukubadilika sana. Waganga walivuta, walilaza, walisubiri. Mgonjwa alikufa kwa kukosa pumzi, kwa vidonda vya kulala au kwa figo zilizooza, na aliyemwacha hakulaumiwa na mtu.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Shingo ina pingili 7, na juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Pingili ya kwanza, atlasi, ni pete tu. Ya pili, aksisi, ina kidole cha mfupa kinachosimama ndani ya pete hiyo, na karibu nusu ya uwezo wa kugeuza uso kulia na kushoto unatoka kati ya hizo mbili. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupanda kupitia matundu ya pembeni mwa pingili zenyewe. Katikati unapita ugwe wa mgongo, unene wake hauzidi kidole kidogo cha mkono, na ndani yake mna karibu kila amri inayotoka ubongoni kwenda mwilini. Neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka kati ya pingili ya tatu na ya tano. Ndiyo maana aliyevunjika chini ya hapo huweza kuishi akiwa amepooza, na aliyevunjika juu huweza kuacha kupumua palepale.

Hadra mwenyewe alipendekeza kuwa waya ule ule utumike kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ugonjwa uliokuwa ukiwajaza watoto vibiongo katika kila mji wa Ulaya na Marekani. Lakini waya una kasoro ambayo haiondoki kwa ufundi wa mkono. Chuma kinachokunjwa mara kwa mara mwishowe hukatika, na shingo haiachi kukunjika hata usingizini. Jibu lilipatikana New York mwaka 1911, likaletwa na madaktari wawili kila mmoja kwa njia yake. Russell Hibbs alivunjavunja kwa makusudi vipande vidogo vya mfupa nyuma ya pingili na kuvilaza vishikane na vya jirani. Fred Albee alichukua kipande kirefu cha mfupa wa muundi wa mgonjwa na kukipachika katikati ya vile vishina vya nyuma. Kilichotokea baada ya miezi ni kwamba pingili mbili au tatu zilishikamana zikawa mfupa mmoja ulio hai, unaojikarabati wenyewe, usiochoka kama chuma.

Naamini ugunduzi huu wa 1911 ndio ufunguo wa yote yaliyofuata, kuliko waya wa fedha, kuliko titaniamu, kuliko skrubu yoyote. Chuma hakiungi kitu. Kazi yake ni kuzuia mtikisiko kwa miezi mitatu, minne, sita, hadi mfupa umalize kazi yake. Mfupa usipounga, chuma kitakatika au kitang'oka, hata kingekuwa cha bei gani. Mbio nzima ya karne ya ishirini ilikuwa kati ya mambo haya mawili: mfupa kuunga upesi, chuma kuchelewa kuchoka.

Kwa miaka arobaini hivi mbio hizo zilikimbiwa kwa nyuma. Mwaka 1910 Samuel Mixter na Robert Osgood wa Boston walifunga atlasi na aksisi kwa uzi mnene wa hariri, mgonjwa wao akiwa na kile kidole cha mfupa kilichovunjika kikakataa kuunga. William Gallie wa Toronto alitumia waya na kipande cha mfupa mahali hapo hapo, na njia yake bado ina jina lake. William Rogers, pia wa Boston, alichapisha mwaka 1942 maelezo ya kutoboa vishina vya pingili, kupitisha waya na kulaza mfupa juu yake. Rogers alisema pia jambo lililowachoma wengi: baadhi ya wagonjwa walipooza mikononi mwa waliokuwa wakiwatibu, wakati wa kubebwa, kugeuzwa na kunyooshwa. Alisisitiza upole. Nafikiri hilo liliokoa watu wengi kuliko waya wake.

Wakati huo huo ilibidi kichwa kishikwe na kitu kutoka nje. Mwaka 1933 Gayle Crutchfield wa Richmond, Virginia, alipokea mgonjwa aliyevunjika shingo na taya kwa pamoja. Mkanda wa kidevuni uliokuwa ukitumika kuvuta kichwa haukuwezekana, kwa kuwa taya lenyewe lilikuwa limevunjika. Akabuni koleo dogo linaloshika fuvu kwa ncha mbili, likafungwa kamba, kamba ikapita kwenye kapi, na mwisho wake yakaning'inizwa mawe ya uzani. Mgonjwa alilala hivyo kwa wiki nyingi.

Kisha ikaja polio. Katika hospitali ya Rancho Los Amigos huko Downey, California, miaka ya 1950, walikuwapo wagonjwa ambao shingo zao hazikuwa na mfupa hata mmoja uliovunjika, ila misuli yote ilikuwa imekufa. Kichwa kilianguka mbele au pembeni, na mtu hakuweza kula wala kumtazama anayezungumza naye. Jacquelin Perry alikuwa ameanza maisha yake ya kazi kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akasomea udaktari, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza Marekani kuthibitishwa kuwa mabingwa wa upasuaji wa mifupa. Yeye na mwenzake Vernon Nickel waliamua kuziunga pingili zote za shingo za wagonjwa hao. Shida ilikuwa kukishika kichwa kwa miezi yote ambayo mfupa ungehitaji, bila msuli hata mmoja wa kusaidia. Walitengeneza pete ya chuma inayozunguka kichwa, ikashikwa na skrubu nne zinazogusa gamba la nje la fuvu tu, na vyuma vya kusimama vikaiunganisha pete na plasta iliyovalishwa kiwiliwili. Walichapisha kazi hiyo mwaka 1959. Chanjo ya Jonas Salk ilikuwa imekwisha kuanza kuiondoa polio, lakini pete ilibaki, na hadi leo inawashika kichwa waliovunjika shingo duniani kote. Mgonjwa aliyevalishwa pete aliweza kuketi na kutembea, wakati yule wa koleo alikuwa bado amelala akitazama dari.

Pamoja na hayo, kupitia nyuma kulikuwa na kikomo. Diski iliyopasuka kati ya pingili mbili na miiba ya mfupa inayoota pembeni mwake huubana ugwe kutoka mbele. Daktari anayeingia kwa nyuma anaukuta ugwe katikati ya njia, na kuusukuma pembeni ili kufikia diski ni kumpooza mgonjwa. Kupita mbele kulionekana kama wazimu, kwa sababu mbele ndiko kuna koo, umio, na mishipa ya damu ambayo ikikatwa hakuna muda wa kufikiri.

Huko Baltimore, katika hospitali ya Johns Hopkins, daktari wa mifupa Robert Robinson na daktari wa ubongo George Smith walionyesha mwaka 1955 kuwa njia ya mbele ni salama kuliko inavyoonekana. Huko Ann Arbor, Michigan, Robert Bailey na Carl Badgley walikuwa wakiifuata njia hiyo wao wenyewe kwa wagonjwa waliovunjika, na Ubelgiji pia walikuwapo walioijaribu. Mwaka 1958 Ralph Cloward wa Honolulu akachapisha yake. Huyu Cloward ndiye aliyekuwa daktari pekee wa upasuaji wa ubongo visiwani Hawaii siku ndege za Japani ziliposhambulia Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, na alipasua vichwa vya majeruhi kwa siku kadhaa mfululizo. Mtu wa namna hiyo hakuiogopa shingo.

Operesheni yenyewe, kwa misingi ile ile ya miaka ya 1950, bado inafanyika kila siku. Mgonjwa analazwa chali chini ya nusu kaputi, na kitambaa kilichokunjwa kinawekwa chini ya mabega ili shingo ijinyooshe kidogo. Ngozi inakatwa kwa kufuata mkunjo wake wa asili, sentimita 3 au 4, upande mmoja wa koo. Msuli mwembamba ulio chini ya ngozi ukishafunguliwa, kisu kinawekwa kando, na kazi inafanywa na kidole. Kidole kinateremka katika uwazi uliokuwapo tangu mtu azaliwe: upande wa nje kinausikia mshipa mkuu wa damu unadunda, upande wa ndani kinalisukuma bomba la hewa pamoja na umio. Mwisho wa njia ni uso wa mbele wa pingili, mweupe, misuli miwili mirefu ikiwa imelala pande zake. Hapo sindano inachomekwa kwenye diski na eksirei inapigwa, kwa sababu kwa macho pingili ya tano na ya sita hazina tofauti, na diski nzima ikishatolewa hairudishwi.

Diski inatolewa kwa vijiko vidogo na koleo, kipande baada ya kipande, hadi uonekane utando mweupe unaofunika ugwe. Kisha nyuso za pingili, ya juu na ya chini, zinakwanguliwa hadi zianze kutoa matone madogo ya damu. Daktari anayajali sana matone hayo. Mfupa usiovuja damu haushiki chochote, na ukikwangua kupita kiasi unakuwa laini na kuzama. Kati ya nyuso hizo mbili kinagongwa kwa nyundo, taratibu, kipande cha mfupa, ambacho miaka hiyo kilikatwa kutoka nyonga ya mgonjwa huyo huyo. Siku za kwanza kumeza kunakuwa kugumu, na wachache sauti huwakauka kwa kuwa neva ya sauti imevutwa. Wengi hurudi kuzungumza kama kawaida.

Robinson na Smith walikata kipande hicho kwa umbo la kwato ya farasi, gamba gumu likiwa pande tatu, na waliiacha miiba ya mfupa mahali pake wakiamini kuwa pingili zikishatulia, miiba itayeyuka yenyewe. Cloward hakukubali kusubiri. Alichimba tundu la duara katikati ya pingili mbili, akaikwangua miiba, kisha akagonga ndani mfupa wa mviringo uliokuwa mpana kidogo kuliko tundu. Wafuasi wa kila upande walibishana kwa miaka mingi. Kwato ya Baltimore ndiyo iliyoenea zaidi baadaye, kwa kuwa tundu la Cloward mara nyingine liliiacha shingo imeinama mbele.

Pande zote mbili zilikuwa na tatizo moja: kipande cha mfupa kikisukumwa kinaweza kuteleza kikatokea mbele, kikaugusa umio. Wagonjwa walivaa kola ngumu kwa miezi. Na nyonga iliyokatwa iliuma, mara nyingi kuliko shingo yenyewe, wengine kwa miaka.

Ndipo bamba likaja. Jörg Böhler wa Vienna, mwana wa Lorenz Böhler aliyeijenga taaluma ya kutibu majeruhi nchini Austria, aliliweka la kwanza mbele ya shingo mwaka 1964. Mwaka 1970 Orozco na Llovet wa Barcelona walieleza bamba lenye umbo la herufi H. Wolfhard Caspar wa Homburg, Ujerumani, akatengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 bamba la pembe nne pamoja na zana zake zote, zikiwemo za kuzitanua pingili, na ndiye aliyeifanya kazi hii ifundishike kwa madaktari wengine.

Skrubu za Caspar zilitaka ujasiri ambao sidhani kila mgonjwa angefurahi kuambiwa mapema. Skrubu iliyoshika gamba la mbele tu la pingili ililegea. Kwa hiyo ilibidi ipenye hadi itoboe gamba la nyuma, ambalo ng'ambo yake ni ugwe wa mgongo. Daktari alisonga nusu milimita baada ya nusu milimita, macho yakiwa kwenye skrini ya eksirei. Akifupisha, skrubu inarudi nyuma baada ya wiki kadhaa na kutoboa umio. Akirefusha, anafika pasipofikiwa.

Suluhisho lilitoka kwenye taya. Huko Bern, Uswisi, Joram Raveh alikuwa akiunganisha mataya yaliyoliwa na saratani kwa mabamba ya titaniamu, na skrubu zake zilikuwa na uwazi ndani na matundu pembeni ili mfupa uote ukapite katikati yake. Kichwa cha skrubu kilikuwa na mpasuko. Ukikaza kijiskrubu kidogo ndani yake, kichwa kinatanuka na kujibana kwenye bamba. Erwin Morscher wa Basel akaona kuwa hicho ndicho shingo ilichokuwa ikikingoja. Skrubu iliyojifunga kwenye bamba haiwezi kurudi nyuma, na haina haja ya kugusa gamba la nyuma. Urefu wa milimita 14 hivi unatosha. Aliichapisha kazi hiyo mwaka 1986, na hofu ya nusu milimita ikapungua katika vyumba vya upasuaji duniani kote.

Titaniamu nayo ilikuwa na hadithi yake: tangu mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, akichunguza mifupa ya sungura, alikuwa amegundua kuwa mfupa huikubali metali hiyo na kuota ukashikamana nayo. Tena haitii ukungu mkubwa kwenye picha za MRI kama chuma cha pua.

Lakini bamba lililoshika sana lilileta somo lake. Julius Wolff wa Berlin alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1892 kuwa mfupa hujijenga pale unapobebeshwa mzigo na hupungua pale usipobeba kitu. Kipande kilichopandikizwa hunywea kidogo wiki za mwanzo. Bamba gumu likizizuia pingili zisishuke pamoja nacho, uwazi unabaki, mzigo unapita kwenye chuma, na mfupa unakaa bila kazi. Hapo ndipo skrubu hukatika. Watengenezaji wakarudi na mabamba yanayoruhusu skrubu kuinama au kuteleza kidogo, ili mfupa ubebe sehemu yake.

Wakati Ulaya inahangaika na skrubu, upande wa pili wa dunia mambo yalianzia kwa farasi. Farasi wachanga wa mbio, wakubwa na wanaokua haraka, hupata ugonjwa wa kuyumba: mfereji wa ugwe unakuwa mwembamba shingoni, miguu ya nyuma inapoteza mwelekeo, na kwa kawaida mnyama alipigwa risasi. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mjini Pullman, madaktari wa mifugo Pamela Wagner na Barrie Grant walijaribu miaka ya 1970 kuwafanyia farasi hao operesheni ya Cloward. Shida ilikuwa mfupa wa kupandikiza. Farasi ana uzito wa kilo mia kadhaa na hujaribu kusimama mara tu anapozinduka. Ukimkata nyonga umeongeza balaa, na kipande kilichopandikizwa husagika.

Daktari wa mifupa wa binadamu aliyekuwa akifanya kazi Spokane, George Bagby, aliingia katika kazi hiyo akiwa na wazo rahisi. Alitengeneza mcheduara wa chuma cha pua uliotobolewa matundu kila upande, kikapu kidogo, akakijaza chengachenga za mfupa zilizotoka kwenye tundu lenyewe wakati wa kuchimba. Kikapu kilikuwa kipana kidogo kuliko tundu, kwa hiyo kilipogongwa ndani kilizitanua pingili, na tishu zilizovutika zikakibana kwa nguvu. Chuma kilibeba farasi. Mfupa uliota kupitia matundu, ukaunga ndani ya kikapu na kukizunguka. Nyonga haikuguswa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979 katika jarida la madaktari wa mifugo, na wengi wa wale farasi waliishi, baadhi wakarudi kukimbia.

Kutoka kwenye kikapu hicho ndiko lilikotoka wazo la vizimba vinavyowekwa kati ya pingili za binadamu leo. Bagby alishirikiana na Stephen Kuslich, wakakipa kikapu nyuzi za skrubu na kukitengeneza kwa titaniamu, kwanza kwa kiuno, na mwaka 1996 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ikakiidhinisha. Baadaye kikaja kizimba cha PEEK, polima ngumu ambayo eksirei hupita kana kwamba haipo, hivyo daktari anaweza kuona kama mfupa umeota ndani. Na farasi hawakusahauliwa: mwaka 2000 Seattle Slew, bingwa wa mataji matatu ya mbio za Marekani wa mwaka 1977, aliungwa pingili za shingo na Barrie Grant yule yule. Alirudi kuzalisha, akapasuliwa tena mwaka 2002, akafa Mei mwaka huo akiwa na miaka 28.

Wapo waliotaka kuuharakisha mfupa wenyewe. Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha mwaka 1965 kuwa ndani ya mfupa mna kitu kinachoziamuru tishu za jirani kuwa mfupa. Kitu hicho ni protini; ilitengenezwa maabara, na mwaka 2002 iliidhinishwa kwa kiuno. Madaktari wakaichukua na kuiweka shingoni, mahali ambapo haikuidhinishwa. Shingo za baadhi ya wagonjwa zilivimba siku chache baadaye hadi njia ya hewa ikafungwa, na Julai 2008 FDA ilitoa onyo rasmi. Nayasema haya kwa uchungu. Tahadhari ilikuwa rahisi: kiuno kina nafasi ya kuvimba, koo halina.

Swali gumu zaidi lilitoka kwenye mafanikio yenyewe. Pingili zilizoungana hazikunjiki, kwa hiyo za jirani hufanya kazi ya ziada. Mwaka 1999 Alan Hilibrand na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mingi: takriban asilimia 2.9 kila mwaka walipata ugonjwa mpya kwenye pingili za jirani, na katika miaka 10 walifika robo. Hadi leo madaktari wanabishana ni kiasi gani kinatokana na kuungwa na kiasi gani ni uzee ambao ungekuja tu. Wapo waliokwisha kutafuta njia ya kuacha diski itembee. Mwaka 1964 Reitz na Joubert wa Afrika Kusini walieleza katika jarida la kitabibu la nchi hiyo jinsi walivyobadilisha diski za shingo kwa metali, wakati mmoja na Ulf Fernström wa Uswidi aliyetumia gololi za chuma. Gololi hizo zilizama ndani ya mfupa. Katika hospitali ya Frenchay, Bristol, Brian Cummins alitengeneza kiungo cha tufe na kikombe kilichoshikwa kwa skrubu, na kizazi chake kiliidhinishwa Marekani mwaka 2007.

Kwa nyuma nako hawakulala. Raymond Roy-Camille wa Paris alileta skrubu za pembeni mwa pingili. Fritz Magerl wa St. Gallen akapitisha skrubu moja kwa moja kutoka aksisi hadi atlasi, njia imara ila inayopita karibu mno na mshipa wa damu wa ubongo. Atul Goel wa hospitali ya King Edward Memorial, Mumbai, alichapisha mwaka 1994 pamoja na Laheri njia ya kuweka skrubu kila pingili na yake kisha kuziunganisha kwa bamba. Jürgen Harms wa Ujerumani aliiendeleza mwaka 2001 kwa fito na skrubu zenye vichwa vinavyozunguka, na dunia nzima ikaifuata. India, ambako Watanzania na Wakenya wengi wamepelekwa kwa rufaa, haikuwa mwanafunzi tu katika jambo hili.

Nyumbani Afrika Mashariki, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ya Tanzania, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na upasuaji wa shingo kupitia mbele unafanyika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wanaofikishwa wamevunjika kwa ajali za barabarani, bodaboda zikiwemo, au wameanguka kutoka mwembe, mnazi au jengo linalojengwa. Tafiti zilizochapishwa na madaktari wa Muhimbili pamoja na wenzao wa nje zinalitaja jambo moja wazi: operesheni huchelewa, na gharama ya vyuma ni sababu kubwa. Kwa hiyo koleo bado lina kazi. Siku hizi ni lile la Gardner-Wells lenye skrubu za springi. Mawe ya uzani huongezwa kwa hesabu ya kilo 2 na kidogo kwa kila pingili kutoka juu, hivyo aliyeteguka pingili ya sita anavutwa kwa kilo 13 hivi huku ndugu wakitafuta fedha. Bamba na kizimba vinavyosubiriwa ni vitu vinavyoenea kiganjani.

Vyuma vinavyopatikana hutoka kwa watengenezaji tofauti, vingine vya kununua, vingine vya msaada, na vichwa vya skrubu zao havifanani. Bisibisi ya kampuni moja haiingii kwenye skrubu ya nyingine. Mgonjwa akirudi baada ya miaka 8 pingili ya jirani ikiwa imeharibika, au bamba likiwa limelegea, daktari atakayemfungua anahitaji kujua amewekewa chuma gani ili aandae zana kabla ya kisu. Jina la mtengenezaji, aina ya bamba na urefu wa skrubu viandikwe kwenye kadi ya kuruhusiwa, na mgonjwa akae na nakala yake nyumbani.